Nimempima binti yangu EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) Kampala mara mbili: pa kwanza walisema mzima, pa pili kifafa kikaonekana ndani ya dakika 2

Nyota nazitoa mwanzoni kabisa ili mwenye haraka aelewe: mahali pa kwanza 1, mahali pa pili 4. Majina ya vituo siyaweki, vyote viwili, kwa sababu teknisheni anahama, mashine inauzwa, kituo kinabadilika, lakini namna ya kujua kama kipimo ulicholipia kimefanywa kweli haibadiliki na hiyo ndo nataka mzazi mwenzangu aondoke nayo. Mimi nililipa mara mbili ndo nikajua, na hapo katikati mtoto aliteseka.

Sisi tunakaa Bombo. Binti yangu ana miaka 7, yuko P2, yaani darasa la pili. Toka mwaka unaanza mwalimu wake akawa ananiita, Mama Zai huyu mtoto yupo darasani lakini hayupo. Anaandika vizuri halafu kalamu inasimama, macho yanatazama mbele, kope zinapepesa kidogo kidogo, sekunde 8, sekunde 10, halafu anaendelea na neno lile lile kama hakuna kilichotokea. Haanguki, hatoi povu, hakojoi. Na huku kwetu ukitaja kifafa, ensimbu kama majirani zetu Waganda wanavyoita, kila mtu anamuona mtu aliyeanguka barabarani na watu wamemkimbia wanaogopa mate yake (kifafa hakiambukizi, sio kwa mate sio kwa hewa, acha niliseme hapa hapa kabla sijaendelea). Kwa hiyo hakuna aliyewaza kifafa. Mwalimu aliwaza utundu, mtoto alishachapwa mara mbili kwa kutosikiliza, na hilo mpaka leo linaniuma.

Aliyewaza ni baba yake. Yuko jeshini, aliwahi kukaa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, miaka ile ya watoto wanaodondosha kichwa, aliwaona kwa macho yake, mtoto anawekewa chakula mbele na kichwa kinaanza kushuka, kinapanda, kinashuka. Watu kule walisema mengi, mizimu ya waliokufa vitani, sumu za mabomu, kila mtu na lake, mpaka wataalamu walipopeleka mashine za EEG huko huko Kitgum wakawavalisha watoto nyaya kichwani, na ikaonekana kile kichwa kinapodondoka ubongo unapiga mawimbi ya kifafa. (Chanzo chenyewe siku hizi wanakihusisha na minyoo ya upofu wa mtoni, ile inayosambazwa na usubi wa kwenye mito ya kasi, na watafiti wa hapa Uganda wamewajaribu watoto hao hadi kwa antibayotiki ya doksisiklini.) Basi baba Zai akanipigia simu akasema mama, kifafa sio lazima mtu aanguke, mpeleke huyo mtoto akapimwe ubongo.

Sasa mahali pa kwanza. Kliniki ya mjini, jengo zuri, vigae vinang'aa, nilipiga simu wakasema shilingi laki 1 na elfu 80 na tuje mtoto hajala. Nikaamini ni kama kipimo cha damu. Kumbe EEG mtoto anatakiwa ale kabisa, sukari ikishuka mwilini hata mawimbi yenyewe yanabadilika. Nywele hawakusema chochote, na mimi nilimpaka mafuta asubuhi ili aonekane nadhifu mbele ya daktari. Teknisheni akamvika kofia ya mpira yenye nyaya, hakupima kichwa, nyaya mbili tatu zikawa zinaachia kwa sababu ya yale mafuta anazirudisha kwa kidole, halafu akampa mtoto simu yake aangalie katuni atulie. Nilitazama saa yangu, dakika 12. Nusu saa baadaye nikapewa karatasi ya mstari mmoja, kawaida, hakuna kifafa. Na daktari wa pale baada ya kusema hakuna kifafa akaniandikia kabamazepini, dawa ya kifafa, "kwa tahadhari". Mimi nikaona wanajua zaidi yangu, nikanunua.

Jamani. Wiki ya pili ya ile dawa, Jumamosi moja, nilikaa na daftari nikahesabu mtoto ameduwaa mara 40 na zaidi, kabla ya dawa ilikuwa labda 10 kwa siku ninazoziona mimi. Kikombe cha chai kilimtoka mkononi. Siku nyingine tunavuka barabara pale karibu na soko akasimama katikati, macho mbele, na boda inakuja, nilimvuta kwa kola ya sare. Usiku ule sikulala.

Wifi yangu ni nesi huko Luweero. Nikamweleza kila kitu, akaniuliza maswali ambayo kule kliniki hakuna aliyeniuliza. Walimfanya apumue kwa nguvu? Hapana. Walimwashia taa ya kumwekamweka? Hapana. Alilala? Hapana. Akasema basi wifi hujapimiwa mtoto, umepigiwa picha tu. Akaniambia pia nimrekodi kwa simu akiwa anaduwaa, hata video 1 tu, na nisimwachishe ile dawa ghafla mpaka aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, kwa sababu kuikata dawa ya kifafa kwa mara moja kunaweza kuleta degedege kubwa.

Mahali pa pili nafasi tuliipata baada ya wiki 3, mashine ni moja na watu ni wengi, hiyo ni sehemu ya ile nyota niliyowanyima. Lakini maelekezo yao kwenye simu tu nilijua niko mahali tofauti. Mtoto alale saa 6 usiku aamke saa 10 alfajiri, ale, nywele zioshwe kwa sabuni jana yake na zisipakwe kitu, kama ni mtu mzima mwenye rasta au amesuka basi afumue (wetu wa shule nywele ni fupi, hilo likaturahisishia), na dawa zake azinywe kama kawaida asiache hata dozi 1 bila ruhusa. Na njiani asilale. Hapo ndo kazi ilipo, wewe mkae kwenye taksi (daladala zetu) kutoka Bombo na mtoto aliyeamka saa 10, joto, taksi inanesa, foleni ya Kawempe haisogei, mtoto kichwa kinamuangukia kila dakika, nilimwimbisha, nikamhesabisha boda, kondakta naye akawa anamuuliza hesabu, mama mmoja kiti cha mbele akatoa ndizi kwa huruma akampa, gari zima likamlea mpaka Wandegeya.

Teknisheni ni dada mmoja wa makamo hivi, mtulivu, aliongea na mtoto kabla ya kuongea na mimi. Akatoa futi ya fundi cherehani, akapima kutoka juu ya pua mpaka kifundo cha kisogoni, sikio mpaka sikio, akaweka alama kwa kalamu ya rangi. Nikamuuliza kwanini, akanieleza kwamba kila kichwa kina ukubwa wake, kwa hiyo nafasi zinapimwa kwa asilimia 10 na asilimia 20 za kichwa chenyewe ili elektrodi (vile vidude vya kwenye ncha za nyaya) zikae pale pale kwa kila mtu dunia nzima, mtaalamu akisoma mistari India au Nairobi ajue huu unatoka wapi. Elektrodi 21, moja moja kwa gundi kama uji mzito, alimsugua ngozi kidogo kila alama. Dakika 25 za kuvisha tu, kabla mashine haijawashwa! Akaniambia nizime simu kabisa na feni akaizima, sababu umeme unaotoka kwenye ubongo ni mdogo mno, unahesabiwa kwa sehemu za milioni moja za volti, ule wa ukutani ukiingia unafunika kila kitu. Haingizi umeme wowote kwa mtoto, inasikiliza tu. Wazazi wengi naona mnaogopa hapo, haimchomi, haimuumizi.

Alimwambia Zai fumba macho, mistari ya kisogoni ikawa mizuri kama mawimbi ya ziwa siku ya upepo mdogo, fumbua ikapotea. Akasema hayo ndiyo mawimbi ya kwanza kabisa ya ubongo wa mtu kuandikwa, Mjerumani mmoja anaitwa Hans Berger aliyapata mwaka 1924 kule Jena, akakaa nayo miaka 5 mpaka 1929 ndo akayatoa kwa watu. Miaka 100 imepita na bado ni kitu kile kile, mtu anafumba macho.

Halafu akampa kipande cha karatasi, akamwambia pulizia kisimame, usiache mpaka niseme, dakika 3. Mimi nimekaa pembeni natazama skrini maana aliniruhusu. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili inakaribia kuisha, mtoto akaacha kupuliza. Karatasi ikashuka. Na kwenye skrini, mistari yote kwa pamoja, kulia na kushoto, mbele na nyuma, ikapanda milima, mlima na bonde, mlima na bonde, kwa mpangilio kabisa, 3 kila sekunde, nilikuja kuelewa baadaye kwamba hiyo 3 kwa sekunde ndo alama yenyewe ya kifafa cha kuduwaa. Yule dada hakushtuka, akamwinamia mtoto akasema kwa sauti ya kawaida, "ndizi". Sekunde 9 mistari ikarudi kama ilivyokuwa, kama mtu amezima bomba, na Zai akaendelea kupuliza. Akamwambia pumzika mama, nimekwambia neno gani sasa hivi? Mtoto akamtazama. Hujaniambia neno.

Nililia pale. Nililia kwa huruma na nililia kwa kujua, miezi yote ile mtoto anachapwa kwa kutosikiliza na kumbe hasikii, hayupo, umeme umemchukua na kumrudisha na yeye mwenyewe hajui kama aliondoka.

Baada ya hapo taa ya kumwekamweka, halafu akalala kwenye kitanda dakika 20 hivi huku mashine inaandika (alilala palepale, ile alfajiri ililipa), jumla saa 1 na zaidi toka tuingie. Shilingi laki 3. Ghali, ndiyo, mimi niliuza mbuzi 1 na wifi akaongezea. Lakini ile laki 1 na elfu 80 ya kwanza ndo nasema ilikuwa ghali.

Kitu kimoja nataka kiingie kichwani kwa kila mtu anayesoma. Karatasi ya EEG iliyoandikwa kawaida haimaanishi mtu hana kifafa. Dokta wa pale pa pili alinieleza vizuri sana, kipimo kinanasa kile kinachopita wakati ule tu, na hata kikifanywa kwa ufundi wote, watu wengi wenye kifafa kabisa mara ya kwanza hakionekani kitu, ndo maana kinarudiwa, ndo maana wanataka usingizi. Sisi wa Bombo barabara ya Gulu inapita mlangoni, wewe simama pale dakika 20 usione basi la Gulu, utasema mabasi ya Gulu hayapo? Na kinyume chake pia, wapo watu mistari yao ina vialama na hawajawahi kupata kifafa maisha yao yote. Kwa hiyo daktari anayeandika dawa kwa kutazama karatasi bila kukuuliza mtoto anafanya nini, lini, kwa muda gani, mshukuru uondoke. Ile video yangu ya simu dokta aliitazama mara 3 kabla hajagusa ripoti.

Na dawa. Hii ilinishangaza kuliko vyote. Kumbe kabamazepini ni dawa nzuri tu ya kifafa, inawasaidia wengi, lakini kwa hiki cha kuduwaa inaweza kukichochea, ndo maana mtoto wangu alitoka 10 akaenda 40. Sio kwamba kliniki ya kwanza walinipa dawa bandia, walinipa dawa ya kifafa kingine. Hapo ndo nikaelewa EEG ni ya nini hasa, pamoja na kusema kipo au hakipo inasaidia kusema ni kipi. Dokta akasema kwa watoto wa hivi utafiti ulishafanywa Marekani na kutolewa 2010, watoto 453, wakagawiwa kwa bahati nasibu dawa 3, etosuksimaidi, valproeti na lamotrijini, na baada ya kama miezi 4 zile mbili za kwanza ziliwatuliza zaidi ya nusu ya watoto, lamotrijini ikabaki nyuma sana, karibu 3 katika kila 10. Sasa kati ya zile mbili zilizoshinda, watoto wa valproeti wengi zaidi walikuwa na shida ya umakini, kwa hiyo ya kwanza kuchagua ni etosuksimaidi. Nilizunguka nayo ile karatasi, famasi za Wandegeya, famasi za William Street, siku nzima na miguu imevimba, sikuipata. Tukarudi kwa dokta, akatupa valproeti, na kabamazepini akaitoa kidogo kidogo.

Lakini hapo alinikalisha chini na nampa heshima yake kwa hilo. Akasema Mama Zai huyu ni mtoto wa kike, leo ana miaka 7, valproeti ikiwa bado mwilini siku atakapokuja kubeba mimba inaweza kumharibu mtoto tumboni, uti wa mgongo, na hata akili yake baadaye. Akaandika kwenye kitabu chake cha hospitali kwa herufi kubwa kwamba dawa iangaliwe upya kabla hajavunja ungo. Akasema pia watoto wengi wa aina hii kinaisha wakikua, kwa hiyo Inshallah hatutafika huko. Wangapi wanaambiwa hivi? Kwenye benchi nilikaa na dada wa miaka 20 na kitu anatumia hiyo hiyo valproeti, ana mchumba, na hajawahi kusikia. Nilimwambia asiache dawa, aingie ndani aulize.

Benchi lenyewe ni darasa. Kulikuwa na mzee wa Nakaseke na kijana wake, anaanguka kila wiki, wako dawa ya tatu. Mzee alikuwa amekata tamaa anasema labda turudi kwa waganga. Nesi akamwambia mzee wangu, kuna utafiti wa Glasgow wa mwaka 2000, wagonjwa 470 waliokuwa hawajaanza dawa, karibu nusu walitulia kwa dawa ya kwanza, ya pili ikaongeza 13 katika kila 100, zinazofuata zinaongeza wachache mno, kwa hiyo dawa 2 nzuri zikishindwa hapo usikae unabadilisha vidonge miaka 10, unauliza kama kuna kovu sehemu moja ya ubongo linaloweza kutolewa. Na upasuaji huo sio hadithi ya Ulaya, umeshafanyika hapa kwetu Mbale, CURE, ile hospitali ya watoto wenye kichwa maji. Nilimuona mzee anaandika neno Mbale kwenye kiganja.

Na tuko wengi kuliko tunavyodhani. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, wakahesabu kifafa cha kukakamaa tu, kile kinachoonekana, wakapata karibu watu 10 kwa kila 1000. Hiki cha kuduwaa kama cha binti yangu hakimo hata kwenye hiyo hesabu. Hebu fikiria shule zetu, darasa moja watoto 90, wangapi wanachapwa.

Mapungufu ya mahali pa pili niyaseme pia. Wiki 3 za kusubiri kwa mtoto anayesimama katikati ya barabara ni nyingi sana, wangekuwa na utaratibu wa kuwatanguliza walio hatarini. Ripoti ilichukua siku 4 na imeandikwa Kiingereza kigumu, mimi mpaka wifi anisomee. Fomu za kusaini zipo za Kiingereza na Kiluganda, Kiswahili hakuna, na siku ile nilikaa na mama Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali ambaye alisaini asichokielewa, nikamtafsiria ninavyoweza. Choo ni mbali na mtoto ana gundi kichwa kizima. Na hiyo gundi jiandaeni na kitambaa au kofia, watu kwenye taksi wanatazama, maji ya uvuguvugu na sabuni ndo inaitoa, mara 2.

Sasa ni mwezi wa nne na valproeti. Wiki mbili za kwanza alikuwa na usingizi na tumbo linamsumbua, tukawa tunampa baada ya chakula ikapoa. Anakula sana, amenenepa kidogo, dokta anafuatilia na damu ya ini amepimwa. Kuduwaa mara ya mwisho nimeona ni siku 31 zilizopita, nina daftari. Mwalimu nilimpelekea ile video na ripoti, akaitazama akanyamaza, akamwita Zai akamkumbatia mbele yangu, na amemhamishia dawati la mbele.

Ukienda kupima, popote utakapokwenda, kabla hujatoa pesa uliza hayo ya wifi yangu na mengine niliyojifunza: watapima kichwa kwa futi? atapumua kwa nguvu dakika 3? taa? atalala? nani anasoma, teknisheni au daktari wa mishipa ya fahamu? Na wakikwambia dakika 10 zinatosha, shika mkono wa mtoto wako mtoke. Sisi tarehe ya kurudi ni mwezi ujao, EEG ya pili hapo hapo kwa yule dada, nimeshamwambia Zai ataamka tena saa 10, ameniuliza kama yule mama wa ndizi atakuwepo kwenye taksi.